Maji Madogo

Kabla hujamshika mtoto wa kuwekwa branula, osha mikono kwa maji ya vuguvugu. Najua mmefundishwa kunawa kwa ajili ya viini vya magonjwa, na hilo ni sawa. Mimi nawaambia habari ya uvuguvugu. Mikono baridi humpa mtoto habari mbaya kabla wewe hujafungua mdomo. Akishajikaza, mishipa nayo hujificha, na sista atachoma mara mbili pale ambapo angechoma mara moja.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoajiriwa sasa kuwa wahudumu wa wodi za watoto. Mimi nimeiacha kazi hiyo, maana mgongo umekataa kuinama juu ya vitanda vifupi. Niliianza miaka ya elfu mbili na kitu, kijana wa Waithaka niliyeishia darasa la nane, mwenye haya hata ya kuomba chumvi mezani. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, upande wa Muthangari. Niliajiriwa kupiga deki. Wiki ileile ya kwanza sista mmoja aliniita, akasema, "Mburu, weka hiyo mopu chini, nishikie huyu mtoto mkono kidogo." Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kazi yangu mpaka nilipoiacha.

Manesi waliniita Mshikaji. Mtaani mshikaji ni rafiki yako, mtu wa kukutetea. Wodini mshikaji alikuwa yule anayekulaza chali, anakubana mkono kwenye kiwiko na kwenye kifundo, na kuangalia pembeni wakati sista anatafuta mshipa. Branula yenyewe, kama hamjaiona bado, ni kale kamrija kembamba ka plastiki kanakobaki ndani ya mshipa ili dawa ipite bila kuchoma upya kila saa. Sista huchoma kwa muda mfupi tu, kisha anampapasa mtoto shavu na kuondoka. Anayekumbukwa ni yule aliyeshika.

Kina mama waliligundua hilo haraka. "Kunywa uji, ama niite Mburu." Nilikuwa napita na ndoo yangu na kusikia jina langu likitumika hivyo kitanda hadi kitanda. Kulikuwa na watoto ambao hawajajua kutamka jina la baba yao lakini langu walilijua. Wahudumu wenzangu walicheka. Mimi nilicheka nao, halafu nikaenda kusimama chooni mpaka uso upoe. Kanisani watu wakiniuliza nafanya nini hospitalini, nilisema nasafisha. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kusema nashika watoto wa watu wakilia.

Basi yachukueni haya niliyojifunza, huenda yakawapunguzia aibu kidogo. Mfunge mtoto kwa leso ya mama yake, siyo shuka la hospitali, kwa sababu leso ina harufu ya nyumbani. Mkunje mikono yote ndani, ubakishe mmoja tu, kama unavyokunja chapati juu ya maharagwe. Muulize mama mtoto hunyonya kidole gani, kisha mwambie sista asiuguse mkono huo hata kama mshipa wake ni mnene kama kamba ya viatu, maana ukimfunga bandeji kwenye kidole chake mtoto huyo hamtalala naye wodini. Kata plasta kabla, uzibandike ukingoni mwa trei. Boksi la glavu likiisha usilitupe. Kipande chake kikizungushiwa pamba kinakuwa ubao mzuri wa kunyooshea kiwiko.

Na usiseme haiumi. Niliwahi kumwambia msichana mmoja kwamba haiumi, na tangu hapo hata nikimwambia huu ni uji alimwangalia mama yake kwanza. Sema itauma, halafu itaisha. Kisha hakikisha inaisha.

Mambo haya mengi nilifundishwa na Sista Mwikali, mkuu wa wodi yetu. Alikuwa Mkamba mrefu, mwenye viatu vyeupe alivyovipaka chokaa ya viatu kila Jumapili jioni, na sauti iliyofika jikoni kabla yake. Aliweza kupata mshipa kwa mtoto aliyekaukiwa maji mpaka macho yameingia ndani. Sikuwahi kumsikia akiomba radhi, wala kwa daktari, wala kwa mgonjwa, wala kwa Mungu katika sala ya asubuhi. Aliomba tu nguvu.

Sista Mwikali alikata maneno. Hakuwa na muda wa majina marefu ya dawa. Dripu kubwa, ile ya kumrudishia maji mtoto aliyeharisha, aliiita maji makubwa. Halafu kulikuwa na dawa nyingine iliyokuja ikiwa tayari imechanganywa, ndani ya chupa laini ya plastiki isiyozidi kiganja, nyeupe kama maji ya mvua. Jina lake ni metronidazole, na kazi yake ni kuua vile viini vinavyopenda kuishi mahali pasipo hewa, kama ndani ya usaha. Hiyo aliiita maji madogo. Sote tukaiita hivyo. "Maji madogo, kitanda cha dirishani!" Unaangika, unafungua, inateremka polepole. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna watu wengine wodini wenye masikio.

Mtoto wa kitanda cha dirishani aliitwa Kuria. Alikuwa hajafika miaka minne, mtu wa Waithaka kama mimi, ingawa nyumbani hatukuwa tukijuana. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu akitambaa. Unakuja, unaondoka, unarudi. Mwishowe viini vilipenya kutoka sikioni mpaka ndani ya kichwa, vikatengeneza jipu kwenye ubongo. Alianza kwa homa na kutapika, halafu akashikwa na degedege upande mmoja wa mwili. Walimpeleka mjini kwenye ile mashine ya kupiga picha za kichwa, picha ikaonyesha jipu, na daktari wa upasuaji wa hospitali kubwa akatoboa tundu dogo na kufyonza usaha. Kisha akaletwa kwetu kumalizia dawa.

Hapa ndipo vijana wengi hawaelewi, na hata mimi sikuelewa. Usaha ukifyonzwa, ugonjwa haujaisha. Viini vimebaki kwenye kuta za lile jipu, na dawa kuingia ubongoni ni shida. Ndiyo maana inapitishwa kwenye mshipa, nyingi, kwa wiki nyingi. Daktari alisema angalau wiki sita. Kuria alikuwa na dawa mbili: ya unga, inayochanganywa na kusukumwa polepole kwa sirinji, na maji madogo. Wazee wa wodi walinisimulia kwamba zamani walitumia dawa za eksipeni na kloramfenikoli, na picha ya kichwa haikuwako, daktari alikisia tu kwa kuangalia macho ya mtoto. Siku hizi naambiwa kuna mrija mrefu unaoweza kukaa mshipani wiki na wiki. Mshukuru sana. Sisi tulikuwa na branula ya kawaida, na branula ya mtoto mchezaji haidumu. Inaziba, au mkono unavimba, au anaing'oa. Kwa hiyo kila baada ya siku chache nilikuwa natumwa kitanda cha dirishani.

Kufikia wiki ya tatu Kuria alikuwa anakimbia. Homa ilikuwa imekwisha, nywele zimeanza kuota kwenye lile tundu, anaendesha boksi la glavu sakafuni akinguruma kama lori. Akiniona tu, lori lilizimika. Aliingia chini ya kitanda, na kumtoa huko ilikuwa kazi yangu pia. Mama yake, Wambui, msichana mpole asiyeuliza kitu, aligeukia dirisha kila nikimfunga leso. Hakunilaumu kwa neno. Afadhali angenilaumu.

Jumapili moja, saa ya wageni, nyanya yake Kuria alikuja akitoka ibadani, amevaa kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Wote walimwita Cucu, nasi tukamwita Cucu. Alimtazama mjukuu wake akikimbia, akaitazama ile bandeji mkononi, akamuuliza Wambui, "Huyu anangojea nini hapa? Anataka kuota mabawa?"

"Daktari alisema bado dawa, Cucu."

"Dawa gani?"

Wambui hakujua. Alikuwa ameelezwa siku ya kwanza, haraka, na akaona haya kusema hajaelewa. Mimi na Sista Mwikali tulikuwa upande wa pili wa wodi tumemlaza ubavu mtoto mwingine aliyekuwa na degedege. Wambui akaita kutoka kule: "Sista! Cucu anauliza Kuria anapewa nini saa hii?"

Dawa ya unga ilikuwa imeshatolewa asubuhi. Mchana ule kilichobaki ni chupa moja. Sista Mwikali hakugeuza hata shingo.

"Huyo? Huyo ni maji madogo tu!"

Nilimsikia Cucu akicheka, ingawa hakukuwa na furaha ndani ya kicheko kile. "Maji," alisema. "Tena madogo. Tena tu." Nilikuwa nimeshika taya la mtoto anayetetemeka, sikuweza kuinuka. Nilipoinuka, nilienda jikoni kuchukua maji ya kumpangusa yule mtoto. Niliporudi, kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa vizuri kabisa, vile anavyotandika mtu asiye na nia ya kurudi. Nilidhani wametoka kumsindikiza mgeni wao, na zamu yangu ikaisha bila kuuliza.

Jumatatu asubuhi Sista Mwikali alisimama mbele ya kitanda kile, mikono kiunoni. Alimuuliza mama wa kitanda jirani, "Hawa wameenda wapi?"

"Nyumbani, Sista. Cucu alimfunga mgongoni. Alisema kama ni maji, kisima yake iko na maji tamu kuliko ya Nairobi mzima. Askari wa geti alifikiria ni wageni wanatoka."

"Na nani aliwadanganya ati ni maji?"

Yule mama aliangalia sakafu. Sakafu ilikuwa safi, niliipiga deki mimi mwenyewe, hakukuwa na kitu cha kuangalia. "Si ni wewe, Sista," alisema.

Nimeona watu wakipigwa. Sijaona mtu akipokea kofi kama lile. Sista Mwikali aliishika ile nguzo ya kuangikia dripu, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka. Daktari alipokuja kupita vitandani alisema kwa upole kwamba jipu likijaa tena, huenda kisu kisifike kwa wakati, na hata likifyonzwa, mtoto anaweza kubaki haoni au hatembei. Alitaka kutuma mtu. Sista alisema, "Nitaenda mimi." Kisha akaniambia, "Mshikaji, wewe ni wa huko. Vaa koti."

Nilimwambia sijui boma lao. Nilichojua ni kanisa, kwa sababu ya kile kitambaa cheupe. "Basi tutaanzia kwa Mungu," alisema. Alitia chupa moja ya maji madogo kwenye mkoba wake. Nilidhani anataka kumwekea mtoto huko huko.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kule Waithaka barabara za ndani zilikuwa udongo mwekundu mtupu, na vile viatu vyeupe vilibadilika rangi kabla hatujafika kanisani. Sista hakulalamika, na hilo lilinitisha. Mke wa mzee wa kanisa alituelekeza: nyumba za mabati za kupangisha mbele, shamba la majani ya ng'ombe nyuma, kisima chenye mfuniko wa chuma katikati. Cucu alikuwa ameketi karibu na kisima akikatakata majani. Wambui alikuwa anafua. Kuria alikuwa ameketi juani kwenye gunia, mkono umefungwa kitambaa pale branula ilipokuwa. Pamba mpya, nyeupe, ilikuwa imesokomezwa sikioni mwake.

Sasa, vijana, sikilizeni. Kuria alimwangalia Sista Mwikali, mwanamke aliyemchoma zaidi ya mtu yeyote duniani, akamtabasamia. Halafu akaniona mimi nyuma yake. Alipiga ukelele wa "Huyo! Huyo!" akakimbilia banda la ng'ombe. Wapangaji walitoka milangoni. Mmoja akauliza kwa sauti, "Kwani huyo jamaa alimfanyia nini?" Nilikuwa kijijini kwetu, mbele ya watu watakaoniona kanisani Jumapili. Ningeweza kuingia kisimani.

Cucu aliacha kukata majani. "Mmekuja kutafuta maji?" alisema. "Iko. Chukueni ndoo."

"Mama, mtoto hajapona," Sista alianza.

"Anakimbia. Umeona mwenyewe vile anakimbia."

"Anakimbia kwa sababu ya dawa."

"Dawa ama maji? Mimi niliuliza. Wambui aliuliza. Ulisema maji. Ni wewe mkubwa ya hiyo hospitali, ni nani mimi nikatae? Mtoto akae amedungwa dungwa wiki tatu, kichwa, mguu, kila mahali, ndiyo awekwe maji? Mbuzi tu haiwezi kufanyiwa hivyo."

Sista alieleza habari za viini na ubongo, kwa sauti ya wodini. Cucu alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza muuza bima. Ndipo Sista Mwikali akavuta mtungi mtupu wa plastiki uliokuwa pale, akauketia, akawa mfupi kuliko Cucu. Alitoa ile chupa mkobani.

"Ni hii," alisema kwa sauti ya chini niliyokuwa sijawahi kuisikia. "Hii ndiyo niliita maji. Ni uvivu wa mdomo wangu."

Cucu aliichukua, akaigeuza juani. "Hii ni maji."

"Onja."

Sista akatoboa ile chupa, akadondosha kidogo kwenye kiganja chake mwenyewe, akalamba. Uso wake ulijikunja wote. Cucu akanyoosha kidole, akapokea tone, akalitia ulimini.

Kama mmewahi kumeza vidonge vya dawa hii hii, vile vya tumbo la kuharisha, bila maji ya kutosha, mnajua uchungu huo, jinsi unavyoshuka mpaka nyuma ya masikio na kukaa. Cucu alitema. Akatema tena. Akapangusa ulimi kwa kitambaa chake. "Ngai!" alisema. "Hii si maji! Hii ni ile kitu chungu ya tumbo!" Mpangaji mmoja alicheka, na kwa dakika moja nilidhani sote tutacheka.

Lakini Cucu alikuwa amegeuka kutazama banda la ng'ombe. "Na mimi nimempatia maji," alisema. "Tangu jana. Maji ya kisima. Nikimwambia kunywa mtoto yangu, hii ndiyo maji ya ukweli." Alikishika kile kitambaa cheupe akajifunika nacho uso.

Wambui, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, alikuja na mikono yenye povu. Alisema kwamba lile sikio alikuwa akilijua tangu zamani. Lilinuka. Alikuwa anabadilisha pamba kila Jumapili kabla ya ibada ili watu wa benchi la nyuma wasisikie harufu, na hakulipeleka hospitali kwa sababu aliogopa kuulizwa alikuwa wapi siku zote hizo. Hata pale wodini, kila asubuhi, alikuwa anamwekea pamba kabla madaktari hawajapita. "Nilikuwa naona aibu," alisema.

"Ungeniambia mimi," Sista alisema, kisha akajikatiza. "La. Mimi ungeniambia vipi? Mimi napiga kelele." Akasimama, akakung'uta sketi. "Pole, mama. Pole, Cucu. Ni mimi nilikosea." Aliyasema maneno hayo taratibu, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni.

Waliponiambia nimtoe mtoto bandani nilikataa, mara yangu ya kwanza kukataa kazi. Wambui alikwenda mwenyewe. Alimkuta amelala kwenye majani, mchana ule, na alipomnyanyua akatapika begani mwake. Mwili wake ulikuwa umeanza kuchemka. Hakuna aliyebishana tena. Cucu hata hakufunga mlango wa nyumba.

Wodini, mishipa ya Kuria ilikuwa imekwisha. Mikono ilikuwa na alama, miguu ilikuwa imevimba. Sista alipapasa kila mahali akiwa amefumba macho, kama kawaida yake, mwishowe akasema kuna mmoja tu, juu ya sikio zima, kichwani. Mmoja. Akiukosa huo, itabidi apelekwe mjini akapasuliwe ngozi kutafuta mshipa wa ndani, na homa ilikuwa inapanda tukiangalia. Nikasogea na leso.

Cucu alinizuia kifua kwa mkono. "Wewe kaa huko. Nitamshika mimi."

Nilimtazama Sista, akaitikia kwa kichwa. Basi nikamfundisha Cucu pale pale, mimi nisiyeweza kuomba chumvi. Nilimwambia aoshe mikono kwa maji ya vuguvugu. Nilimwonyesha kukunja leso. Nilimwambia, shika taya na utosi, usiminye koo, pumua polepole ili naye apumue, na akikuita usimwachilie, kwa sababu ukimwachilia kidogo tu kwa huruma sindano itapasua mshipa na tutakuwa tumemuumiza bure. "Mwambie itauma, halafu itaisha," nilisema.

Kuria alilia, "Cucu! Cucu, niache! Cucu!" Machozi ya yule mzee yalimdondokea mtoto usoni, lakini mikono haikutikisika. Sista Mwikali aliingiza branula. Damu ikarudi nyuma kwenye kile kimrija, ishara kwamba imekubali, na mimi nikabandika plasta zangu. Maji madogo yakaanza kuteremka. Sista hakusema jina hilo. Alisema, "Dawa inaingia," kwa sauti ya wodi nzima, na tangu siku hiyo wodini mwetu kila chupa iliitwa kwa jina lake kamili, hata kama ulimi unajikwaa.

Cucu alitoka nje, nami nikatoka na ndoo. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono yake ameinyoosha mbele akiitazama kama si yake.

"Kijana," alisema, "hii kazi yako ni mbaya sana."

"Ndiyo, Cucu."

"Nani atamshika kesho?"

"Mimi."

Alifikiria. "Sawa," alisema. "Wewe akuchukie. Mimi niachie ya kupendwa." Nilimwelewa. Mtu mmoja achukiwe, mwingine apendwe, na mtoto amalize dawa. Alinipa mkono, tukaamkuana vizuri kama watu wa mtaa mmoja, na sikuwa nimeamkiwa hivyo na mtu yeyote wodini.

Daktari alianza kuhesabu wiki sita upya. Tulizimaliza zote, mshipa kwa mshipa, mimi nikishika. Picha ya mwisho ilionyesha kovu dogo tu. Kuria alitoka akitembea, akiburura boksi lake la glavu kwa kamba. Mlangoni aliwapungia watu wote mkono. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa stoo ili nisimharibie safari.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa River Road natafuta bomba la sinki, nikasikia, "Si ni Mburu wa wodi?" Alikuwa Wambui, amenenepa, amechangamka, na kando yake mvulana mrefu wa shule, sare safi, sikio la kushoto halina pamba. Mama alikuwa amesimama kulia kwa mvulana, upande wa sikio lake linalosikia vizuri. Niliuliza habari za Cucu, akaniambia yuko, bado anagombana na wapangaji. Akamwinamia mtoto.

"Kuria, msalimie anko. Huyu alikusaidia sana ukiwa mgonjwa."

"Mimi sijawahi kuwa mgonjwa," alisema, kwa heshima kabisa. Hakukumbuka kitu: wodi, lori, banda la ng'ombe, wala mimi. Alinitazama usoni kama unavyomtazama mtu yeyote wa barabarani, akaanza kutabasamu. Nikanyoosha mkono.

Mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo, yote miwili. Niliona amestaajabu yeye mwenyewe. Aliangalia mabega yake, kisha akamwangalia mama yake, kama mtu anayeuliza ni nani aliyemfanya vile.

"Kuria! Adabu iko wapi?" Wambui alisema, uso umemwiva.

"Mwache," nilisema. "Mikono yangu ni michafu. Nimeshika mabomba." Nikairudisha nami nyuma ya mgongo. Tukasimama hivyo yeye na mimi, katikati ya watu wa River Road, kila mmoja ameficha yake, mpaka mama yake alipomaliza kuniambia alivyo wa tatu darasani.

Kwa hiyo isugueni mikono yenu kwa maji ya vuguvugu.